Makazi ya Kudumu

Nyuma ya nyumba ya Winfrida kule Uru, ukishapita zizi na kabla hujafika kwenye mfereji, pana kaburi la mumewe, Wilson, lililojengewa kwa vigae vyeupe. Kando ya kaburi, upande wa mlimani, pana kipande kitupu cha ardhi, upana wake kama kitanda. Hapo ni pa Winfrida mwenyewe. Halafu pana kipande kingine sawa na hicho, kinachofika mpaka kwenye mstari wa kahawa. Hapo ni pa Filbert, kitindamimba wake. Hakuna aliyepiga kigingi wala kuandika. Watu wa kihamba kile, shamba la ukoo, wanajua tu, kama wanavyojua mlango wa jikoni ulipo. Migomba imebanana kila mahali mpaka jua linaingia kwa kuomba ruhusa, lakini pale hapapandwi kitu. Nyasi zikiota zinakatwa za ng'ombe, basi.

Kitindamimba ndiye anayeachiwa nyumba ya mama. Elisifa, mkubwa, alikatiwa chake kule chini karibu na barabara, akajenga, ingawa anaishi Mwanza na nyumba yake inafunguliwa Desemba kwa Desemba. Filbert ndiye wa kubaki. Ndiye wa kumzika mama, na siku yake ikifika, alale pembeni yake.

Wilson alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, wiki ya pili ya Kwaresima. Tangu hapo Winfrida aliamka, akakamua, akaenda ibada, akapika, akafua, na mikono yake ilifanya yote hayo vizuri bila yeye mwenyewe kuwepo sana. Wanawake wenzake wa usharika walisema, "Winfrida ana nguvu." Hakuwa na nguvu. Mguu ukiukalia muda mrefu ukafa ganzi hauumi. Unaukanyagia tu, unasubiri. Ndivyo alivyokuwa, na hakujisumbua kumweleza mtu.

Habari ya Kanada ilianza kama kichekesho.

Filbert alikuwa mkata nyama kwenye bucha ya Zaidi, Kiboriloni. Kwa kisu hakuwa na mpinzani sokoni pale. Aliweza kumfungua ng'ombe kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe, kisu kikatafuta kiungo, kiungo kikaachia bila kelele wala shoka. Siku moja akaona tangazo kwenye simu: mkoa mmoja wa Kanada unatafuta wakata nyama wenye uzoefu, kwa ajili ya kiwanda kilichoko kwenye mji mdogo. Mwombaji ajirekodi akiwa kazini, atume. Filbert akanunua mbuzi, Zaidi akamshikia simu, kazi ikafanyika kwa dakika ishirini na mbili, video ikatumwa.

Baada ya wiki moja alipigiwa na mwanamke anayezungumza Kiswahili cha mjini kabisa.

"Filbert? Mimi Hajira, mtoto wa mtaa wa Pasua, niko huku Kanada. Kaka, umekata vizuri, wamekusifu. Lakini wananiuliza, haya mafungu ndiyo nini? Fungu moja lina kidari, lina ini, lina kipande cha shingo. Wanasema mkato huu hawajawahi kuuona duniani."

Filbert akaitazama tena video yake. Alikuwa amegawa. Mkono uliozoea mbuzi wa nyumbani ukaenda wenyewe: hili la wazee, hili la wajomba, hili la shangazi mkubwa, hili la waliochinja. Hata midomo ilionekana ikiwataja.

"Huku nyama haina shangazi," Hajira akasema, anacheka mpaka anakohoa. "Paja liende na paja, mbavu ziende na mbavu. Rudia."

Akarudia. Safari hii walimkubali.

Jioni ya siku hiyo ndipo alipomweleza mama yake. Winfrida alikuwa jikoni anamenya ndizi, Filbert amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Huo mji unakufa, mama," akasema. "Vijana wao wote wamekimbilia miji mikubwa. Kiwanda kina meza arobaini, zinazofanya kazi hazifiki thelathini. Hospitali haina wauguzi. Shule ilikuwa ifungwe. Sasa serikali yao kuu ikaona hii ni shida, ikasema, haya, mikoa, chagueni wenyewe watu mnaowahitaji, mafundi, wauguzi, wakata nyama. Mkikubaliana na mtu, sisi tutampa kibali. Hata huyu Hajira alikwenda hivyohivyo, yeye ni muuguzi, sasa yuko kwenye kamati ya mji ya kupokea wageni."

"Kama usharika unavyojitafutia mwinjilisti wake," Winfrida akasema. "Ukisubiri dayosisi ikuletee, utakaa bila mtu."

"Hapohapo, mama!"

"Na wao wanataka nini?"

"Ukae palepale. Usitumie mji wao kama daraja. Na wao wanakuombea makazi ya kudumu."

Kisu kikasimama juu ya ndizi.

Neno hilo Winfrida alikuwa amelisikia mara moja tu maishani likisemwa kwa mtu wake. Mchungaji alilisema nyuma ya nyumba, ameshika kitabu kwa mkono mmoja na udongo kwa mkono mwingine: Wilson amefika kwenye makazi yake ya kudumu. Waombolezaji wakaitikia amina, wanaume wakachukua makoleo.

"Makazi ya kudumu," akarudia.

"Ni neno la kwenye fomu tu, mama."

"Nani kakwambia?"

Winfrida akasubiri kidogo aone kama yeye mwenyewe atalia au atakasirika. Hakuna kilichokuja. Akaendelea kumenya.

Jumamosi alishuka sokoni Kiboriloni na mikungu miwili. Alipopita mbele ya bucha, Zaidi akamwita kutoka ndani, bado ana aproni.

"Shikamoo mama. Hao Wazungu wako wananifungia duka."

"Marahaba. Si wangu."

"Wako, mama, si wanakuchukulia mtoto? Sasa kwenye gogo hili atasimama nani? Na mimi niandike tangazo langu? Mkoa wa Kilimanjaro unatafuta mkata nyama mwenye uzoefu, aje hata kutoka Singida, atapewa makazi?"

"Andika. Utashangaa watakavyopanga foleni."

Zaidi akacheka. Halafu akafuta kisu polepole kuliko kilivyohitaji. "Sitamzuia. Ningekuwa na umri wake ningekuwa nimeshavaa viatu. Lakini nyumba ya kule juu, mama, ataachiwa nani?"

Winfrida akamtazama. Katika watu wote, ndugu na wa kanisani, Zaidi wa bucha ndiye wa kwanza kumuuliza.

"Hilo sijaulizwa bado," akasema, akaenda zake na mikungu yake.

Aliulizwa wiki mbili baadaye. Filbert alirudi kutoka kazini akasema kamati ya ule mji inataka kuzungumza naye kwa video, na inataka na mama awepo.

"Mama wa nini? Mimi siendi."

"Walishaungua, mama. Walichukua watu, wakawapa kazi, watu hao wakapata karatasi za makazi, wakahama. Sasa wanasema mzazi ndiye anayejua kama mtoto ameaga kweli au ametoka tu matembezi. Mzazi akiwa na shaka, hawamchukui. Wameshamwacha mmoja hivyohivyo, fundi wa kuchomelea."

"Kwa hiyo wanakuja kuniuliza mimi."

"Wanakuja kukuuliza wewe."

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni. Kule kwao ndiyo kwanza asubuhi. Filbert alivaa shati la kanisani. Winfrida alifunga kitambaa kipya kichwani, akakaa kwenye kochi mgongo wima. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai. Zikatokea nyuso tatu: bibi mwenye nywele nyeupe na miwani iliyofungwa uzi, mwanaume mwenye shingo nene ambaye ndiye mwenye kiwanda, na msichana wa ushungi mweusi.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye Hajira."

"Marahaba, mwanangu. Wa Pasua wa nani?"

"Wa Mwanaasha, fundi cherehani."

"Simjui, lakini msalimie. Unakula vizuri huko?"

"Nakula mama, ila ndizi zao zimekaa kama sabuni."

Winfrida akatabasamu, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kutabasamu. Wakaanza na Filbert kwa Kiingereza. Aliulizwa, akajibu, mara mbili mwenye kiwanda akacheka na kutikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mzuri. Kisha yule bibi akavua miwani na kusema na Winfrida moja kwa moja, maneno mengi, taratibu, kama anayeamini kwamba taratibu ni lugha.

"Mama," Hajira akasema, "anakushukuru kukubali kukaa nao. Anasema mji wao wanaupenda lakini hauna watu. Wanamtaka mwanao, kazi yake wameiona. Ila anakuuliza wewe kama mama: unajua kwamba anakuja kukaa? Kwamba makazi yake ya kudumu yatakuwa kule?"

Winfrida hakuwa mtu wa kujibu upesi. Nje ng'ombe alilia, akanyamaza.

"Mwambie," akasema, "mwanangu ni mtu wa kazi. Hataiba, hatakunywa. Atawafanyia kazi kama ya kwake. Lakini kwao ni hapa. Atakuja Desemba kama watoto wa huku wote wanavyokuja, na iko Desemba atakayokuja asiondoke tena, kwa sababu mahali pake pako nyuma ya nyumba na mimi ndiye ninayepatunza. Mwambie hivyo."

Hajira alimtazama kitambo. Akageukia wenzake, akaanza kusema.

Winfrida aliishia darasa la saba. Kiingereza chake kilikuwa salamu, namba, na miezi ya mwaka. Miezi aliijua kwa sababu ni ileile, mtu hawezi kumficha mwenzake Desemba. Basi akaisubiri. Maneno yalipita, yakapita, mengine marefu. Lilipita jina la Filbert. Lilipita la Mungu kwa Kiingereza, hilo nalo alilijua. Hajira akanyamaza. Yule bibi akaweka mkono kifuani, mwenye kiwanda akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Desemba haikuja.

Akamgeukia Filbert. Filbert alikuwa na Kiingereza, alikuwa amefanya mtihani wake akafaulu. Kila neno lilimwingia. Alikuwa ameikazia macho chupa ya chai, maua yake mekundu, kama anayasoma.

Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Desemba," kwa sauti yake mwenyewe, na yule bibi angeuliza, na lingefumuka lote. Alifungua mdomo. Aliuona mkono wa mwanawe juu ya goti, umefumbwa kama umeshika kisu. Hakuwaza kitu chochote kikubwa. Baadaye alijaribu kukumbuka aliwaza nini, hakuona kitu.

"Asante," akasema. "Mungu awabariki."

Hilo Hajira alilitafsiri haraka.

Simu ilipozimwa Filbert akasema, "Mama…"

"Chai imepoa," Winfrida akasema, akainuka na chupa.

Jumapili, kanisani, watoto wa kipaimara walisimama mbele kusema amri. Winfrida aliwahesabia kwa vidole juu ya mapaja, kama alivyofanya miaka yote, mpaka wakafika ya nane, ile ya ushuhuda wa uongo. Kidole kikabaki pale wenzake walipoendelea. Hakuwa amesema uongo. Alisemewa, akausikia ukipita, akausindikiza kwa asante. Alijua hesabu yake: jambo la namna hiyo ama unarudi kulifumua, ama unalifanya liwe kweli. Kulifumua ni kumshtaki yule mtoto wa Mwanaasha, na Filbert hatakwenda. Kulifanya liwe kweli, hakujua kunafanyikaje. Akarudi nyumbani akakata majani ya ng'ombe.

Filbert aliondoka Aprili, mvua za masika zikiwa zimekaza. Asubuhi hiyo alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama kwa baba yake, kofia mkononi. Kabla ya kuingia kwenye gari akamshika mama yake mabega.

"Pale pangu pasiguswe, mama," akasema, anajaribu kucheka.

"Nenda. Gari inasubiri."

Zaidi alipata mkata nyama mwingine, kijana mkimya. Sokoni walisema anapasua nyama kama kuni. Winfrida alinunua kwake hivyohivyo, akawa anatoa vipande vya mfupa kwenye mchuzi.

Filbert alipiga simu kila Jumapili. Mwanzoni alisimulia mengi: kanisa lipo, ni dogo, wazee watupu; yule bibi wa miwani alimletea blanketi na sufuria; Hajira amempeleka kununua koti. Halafu maneno yakapungua.

"Wamenipa mabega, mama," akasema siku moja.

"Mabega ya nini?"

"Ng'ombe wanapita wananing'inia, kila mtu na kipande chake. Mimi bega tu. Nakata, nasukuma, linakuja lingine. Paja sijaligusa tangu nifike. Na ile baridi ya mle ndani, vidole vinakufa ganzi, jioni nashika kikombe sisikii kama nimekishika."

"Vipashe joto taratibu," Winfrida akasema. "Usivitie kwenye maji ya moto."

Novemba ndipo alipolitoa la moyoni. Karatasi zake zilikuwa njiani, labda Machi. Wenzake walishamweleza inavyokwenda: ukizipata unahama, miji mikubwa inalipa mara mbili, na mtu hafi kwa mabega. Akae huko miaka mitatu, minne, ajikusanye, arudi zake nyumbani. "Wote ndivyo wanavyofanya, mama. Hata kiwanda kinajua."

"Yule bibi anajua?"

"Yule hajui."

"Nitakujibu," Winfrida akasema.

Hakumjibu Jumapili hiyo wala iliyofuata. Jumatatu moja, mvua ya vuli ikiwa imelainisha udongo, alimaliza sala ya asubuhi, akakamua, akachukua jembe. Akaenda nyuma ya nyumba. Akapita kaburi la Wilson, akapita kipande chake, akasimama kwenye cha Filbert. Akachimba shimo mpaka likamfika gotini, akatia samadi. Kwenye shina moja la mchare, mgomba wa ndizi za kupika, karibu na mfereji alichagua mche wenye majani membamba kama upanga, akaukata na mzizi wake, akaupanda, akaukanyagia udongo kwa visigino. Kazi ilimchukua muda mdogo kuliko alivyodhani. Akaosha jembe.

Desemba magari yakapanda, kama kila mwaka, kutoka kila mkoa, yamejaa watoto wanaoogopa kuku. Elisifa alifungua nyumba yake ya chini, akaja kumsalimia mama, akaenda nyuma kumtazama baba. Alirudi amekunja uso.

"Mama, nani kapanda mgomba pale? Pale si pa Filbert?"

"Palikuwa."

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, Filbert alipiga kwenye simu ya Elisifa, na Elisifa ndiye aliyemwambia habari ya mgomba. Kisha akaileta simu jikoni ameinyoosha mbele kama kitu cha moto.

"Mama," sauti ya Filbert ikasema. "Umepanda mgomba mahali pangu?"

"Mchare."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Yule bibi aliniuliza kama makazi yako ya kudumu yatakuwa kwake. Akajibiwa ndiyo, mimi nimekaa pale na kitambaa changu. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Na mimi nilisikia. Hajira sitamchongea, alitaka kukusaidia. Wewe pia sitakuchongea. Lakini yule mama alikuletea sufuria kwa neno langu. Sasa liwe kweli."

"Kwa hiyo nisihame."

"Usihame. Wamekuhesabu, Filbert. Waombe wakubadilishie, wakupe na paja. Kisu unacho, watakuona. Lakini mji ni huohuo."

"Na nikifa huku?"

"Watakuzika. Umesema kanisa wanalo."

Nje watoto wa Elisifa walikuwa wanafukuza kuku, na mtu alikuwa anawakemea kwa Kichagga.

"Na wewe atakuzika nani, mama?"

"Elisifa yupo. Udongo ni uleule."

"Mwakani nitapata likizo," Filbert akasema hatimaye. "Desemba. Nije?"

"Njoo. Wageni tunawapikia. Ukikuta mchare umeshabeba mkungu, nitakupikia mtori wake. Kama bado, utakula wa mwingine."

Alicheka au alilia, simu haikuonyesha. Winfrida akampa Elisifa simu yake. Akatoka kwa mlango wa nyuma kuangalia kama ndama hajaufikia ule mche. Hakuwa ameufikia. Jani jipya lilikuwa limefunguka nusu, limejikunja bado upande mmoja, lina maji. Akaliwekea mkono. Akasubiri kidogo kama kuna kitu kitamjia moyoni.

Wali ukaanza kunukia kuungua, akarudi ndani.